Mnyoo amekufa, mbona bado ameng'ang'ania shavu la perege?

Msomaji mmoja, mfugaji wa samaki karibu na Mtama mkoani Lindi, ameandika hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Nina mabwawa mawili ya perege. Mwezi uliopita walianza kuelea wakipumua juu juu, kisha wakafa kadhaa. Nikamfunua mmoja shavu nikaona vijiuzi vyeupe. Nikakata yale mashavu nikayatia kwenye spiriti, kesho yake nikayapeleka kwa mwalimu wa baiolojia mwenye hadubini. Tukaona vidudu vyenye kulabu nne kubwa, na katikati kitu kama herufi V. Vyote vilikuwa bado vimeshika! Nilipomvuta mmoja kwa sindano alikatika, kulabu zikabaki kwenye nyama. Kidudu laini, hakina hata mfupa, nguvu ya kushika anaitoa wapi? Na kama spiriti imeshindwa kumuua, dawa gani itamuweza?"

Marahaba, kijana wangu, na pole kwa hasara.

Spiriti haikushindwa. Minyoo uliyoiona ilikufa muda mfupi tu baada ya kutumbukia humo. Kilichobaki kimeshika ni kulabu, na kulabu ikishazama kwenye nyama haijali kama mwenyewe yuko hai au amekufa. Mnyoo huyu hutumia misuli kujichomeka, na hutumia misuli hiyohiyo kujichomoa. Akifia pale alipojichomeka, nani atamchomoa? Katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kuna samaki wa Afrika waliohifadhiwa kwa miongo mingi, na watafiti bado hufungua mashavu yao wakakuta minyoo ya aina hii imekaa palepale ilipokuwa siku samaki alipovuliwa.

Tuweke sawa jambo moja dogo. Vile vijiuzi vyeupe ulivyoviona kwa macho sidhani kama ndio minyoo yenyewe. Minyoo ya mashavu ya perege kwa kawaida haifiki hata milimita moja. Shavu likikerwa hutoa ute mwingi, na samaki akishakufa ute huo hugeuka mweupe. Minyoo ilikuwa humo ndani ya ute, mpaka hadubini ilipoifichua.

Kulabu nne kubwa na ile V vinanielekeza kwenye jenasi iitwayo Cichlidogyrus, wakazi wa kawaida wa mashavu ya perege, sato na ndugu zao. Spishi zake zilizokwisha kuelezwa ni zaidi ya 100. Iko katika kundi la Monojenea, ndani ya ukoo mkubwa wa minyoo bapa, ukoo mmoja na minyoo ya kichocho na tegu. Lakini usiogope undugu huo. Monojenea haimpati binadamu. Tena maisha yake hayapitii kwa konokono: yai linadondoka majini, linatoa lava, yaani mtoto wa mnyoo, mwenye vijinywele vya kuogelea, lava anatafuta samaki, basi. Ukiwaondoa konokono bwawani utakuwa umejikinga wewe na kichocho, jambo jema kabisa, ila Cichlidogyrus hatapungua hata mmoja.

Sasa hizo kulabu. Mdomo wa mnyoo huyu uko mbele na nanga zake ziko nyuma, kwenye kiungo tunachokiita hapta. Kwa Cichlidogyrus, hapta ina kulabu kubwa jozi mbili, moja upande wa mgongo na moja upande wa tumbo. Kila jozi ina kipande kigumu kinachoziunganisha: cha tumboni ndicho kile chenye umbo la V, na cha mgongoni kina vichomozo viwili kama masikio. Pembezoni kuna vikulabu vidogo 14, ambavyo huenda hamkuviona kama hadubini ya shule haikuzi sana. Hivyo vidogo ndivyo vya kwanza maishani. Lava anaangua akiwa navyo tayari, na hizo kubwa zinakuja kukomaa baadaye, akishapata samaki wa kukaa.

Kulabu zimetengenezwa kwa protini ngumu ya jamii ya keratini, ile ya kucha na nywele, iliyofungamanishwa kwa salfa. Ndiyo maana spiriti haikuzilainisha. Ndiyo maana pia sisi tunaotambua spishi za minyoo hii tunaangalia kulabu kuliko kitu kingine chochote: mwili hunywea na kuharibika, kulabu hubaki na umbo lake, na mara nyingi spishi moja inatofautishwa na nyingine kwa urefu wa kulabu unaopimwa kwa mikromita. Pale ulipomvuta kwa sindano ulikuwa unashindanisha vitu viwili, mwili laini uliokaushwa na spiriti na ncha ngumu iliyopinda ndani ya nyama. Lazima mwili ukatike kwanza.

Swali lako la nguvu ndilo lililonifanya niandike kirefu. Ukimtazama mnyoo aliyekufa unaona kulabu tu, kwa hiyo unadhani kulabu ndiyo inayoshika. Kwa mnyoo hai kulabu ni ncha ya kazi tu. Mwenye kazi ni msuli.

Mnyoo bapa hana mfupa, hana gamba, hana hata uwazi wa maji mwilini kama ule alionao nyungunyungu. Ndani amejaa tishu laini, na chini ya ngozi kuna misuli kwa matabaka: ya nje imezunguka mwili, ya kati imekwenda mshazari, ya ndani imenyooka kutoka kichwani hadi nyuma. Mingine inapita kutoka mgongoni hadi tumboni. Kwa kuwa kilichomo ndani hakishindiliki, misuli ya mzunguko ikijikaza mwili hauna pa kwenda ila kurefuka. Ile iliyonyooka ikijikaza, unafupika na kunenepa. Ile ya mshazari inamruhusu kujisokota bila kujikunja vibaya. Kwa hiyo misuli inasukumana yenyewe kwa yenyewe, na mwili wenyewe unashika nafasi ya mfupa.

Mpangilio huu unapendeza sana kuuona. Watafiti hutumia falodini, sumu inayotoka kwenye uyoga hatari wa Ulaya unaoitwa Amanita phalloides, kwa sababu hujibandika kwenye nyuzi za aktini ambazo ndizo kiini cha msuli. Wakiifunga na rangi inayong'aa, mnyoo mzima anaonekana kama amesukwa. Ukifika kwenye hapta unakuta mafungu manene ya misuli yametoka mwilini na kuingia moja kwa moja kwenye mashina ya kulabu.

Kulabu ina ncha, ina mpini, na mwisho wa mpini ina mashina mawili ambayo misuli imejishikiza. Ni wenzo. Msuli ukivuta shina, ncha inazunguka upande wa pili na kuzama. Kipande kinachounganisha jozi kinazuia kulabu mbili zisikimbiane wala kupinduka, hivyo mvuto wote unaishia kwenye ncha. Sasa kumbuka shavu lilivyo: nyuzi ndefu, na juu ya kila uzi vijani vyembamba vimepangwa vikikaribiana sana. Mnyoo anaingiza hapta katikati ya vijani. Jozi ya tumboni inachoma upande mmoja, ya mgongoni inachoma upande wa pili, na kwa vile zinavuta kuelekeana kinyume, kila moja inaipa nyingine mahali pa kujikazia. Vikulabu vidogo vinashona ukingo wa hapta pande zote usifunuke. Samaki afunge na kufungua shavu mara ngapi, mkondo wa maji unapita tu.

Usidhani kila mnyoo anatumia kulabu kwa namna hiyo. Perege anaweza kubeba pia Gyrodactylus, hasa kwenye ngozi na mapezi. Huyu ana kulabu kubwa mbili katikati ya hapta na vikulabu vidogo 16 ukingoni. Kila anayemwona huvutiwa na zile mbili kubwa, nami sikatai, zinavutia. Lakini zinazotoboa ngozi ni zile ndogo, kila moja na misuli yake. Kubwa hazichomi, zinafanya kazi ya kuitandaza hapta na kuikaza ili ndogo zisilegee. Gyrodactylus hatagi mayai, anazaa mtoto aliyekamilika, na ndani ya mtoto huyo tayari kuna mimba nyingine. Ndiyo maana akivamia, anajaa upesi. Norway wanamjua vizuri: Gyrodactylus salaris aliingia huko miaka ya 1970 pamoja na vifaranga vya samaki aina ya samoni, akaharibu samoni wa mito mingi hadi ikabidi baadhi ya mito itiwe sumu ya rotenoni kuua samaki wote, ili mnyoo akose pa kushika.

Na hutembea. Kichwani kuna tezi zinazotoa gundi ya papo kwa papo. Mnyoo anarefuka, anabandika kichwa, misuli ya hapta inazungusha kulabu kinyume ili zitoke, mwili unafupika na kuivuta hapta mbele, kulabu zinazama tena, gundi inaachia. Hatua kwa hatua. Ukitaka kuyaona haya, usitumie spiriti. Muue perege mgonjwa palepale bwawani, kata tao moja la shavu, liweke kwenye kisahani chenye maji ya bwawa hilohilo na uangalie mara moja, maana samaki akishapoa nayo minyoo huanza kulegea na kufa. Anayerefuka na kufupika yuko hai. Aliyetulia hata ukimgusa hayuko, ameshika au hajashika.

Baharini mambo yanabadilika, na hapa ndipo utaona vizuri kwa nini nasisitiza msuli. Kuna minyoo mikubwa zaidi ya ngozi, ya familia ya Capsalidae, inayofika milimita kadhaa, bapa na angavu kiasi kwamba juu ya samaki huioni. Neobenedenia ni maarufu kwa kusumbua wafugaji wa samaki wa baharini sehemu nyingi za joto. Hapta yao ni sahani ya kufyonza. Ndugu yao wa Ulaya, Entobdella soleae, anayeishi kwenye ngozi ya samaki bapa wa jamii ya wayo, alichunguzwa na Mwingereza Graham Kearn, na mwaka 1964 akaeleza jinsi sahani hiyo inavyofanya kazi. Misuli yenye nguvu haimo ndani ya sahani kabisa. Imo mwilini, na inashuka kwa kano mbili. Kila kano inaingia kwenye sahani, inapita juu ya kijiti kigumu kilichokanyaga ngozi ya samaki, kisha inageuka kwenda kufungwa kwenye shina la kulabu. Mtu aliyewahi kutweka tanga la jahazi pale Mikindani ataelewa haraka: mabaharia wanavuta henza kwenda chini, henza inazunguka kapi juu ya mlingoti, na foromali inapanda. Hapa msuli unavuta, kano inazunguka kijiti, na paa la sahani linainuka. Paa likiinuka huku ukingo umeziba, mgandamizo chini yake unashuka, na maji ya nje yanaikandamiza sahani kwenye ngozi.

Ukimtia samaki mwenye Neobenedenia kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika chache, minyoo inageuka myeupe na kudondoka. Maji yameingia mwilini mwao, misuli imeharibika, na mfyonzo hauwezi kukaa bila msuli. Linganisha na wale wako wa kwenye spiriti. Aliyeshika kwa kufyonza akifa huanguka, na aliyeshika kwa kuchoma akifa hubaki. Ukilijua hilo, hutahukumu dawa kwa kuangalia kama minyoo imeanguka au haijaanguka.

Wapo pia wa vibanio. Ukienda soko la samaki la feri, Lindi au Mtwara, mwombe muuzaji akufunulie mashavu ya nguru mkubwa kabla hajayatupa. Ukikuta vinyuzi vya rangi ya kijivu au hudhurungi vimelala sambamba na nyuzi za shavu, huenda ni Pricea multae au jamaa zake. Ile rangi ya kiza inatokana na damu ya samaki waliyoinywa, tofauti na Cichlidogyrus anayekula zaidi seli na ute. Nyuma wana vibanio vingi vimepangwa kwa safu. Kila kibanio kina taya mbili zenye mbavu ngumu ndani yake, na kinakumbatia vijani vya shavu bila kuvitoboa. Mbavu hizo ni za protini nyingine, si ile ya kulabu. Katika Diclidophora, mnyoo wa namna hiyo wa bahari za Ulaya, mtafiti Llewellyn alionyesha kwenye miaka ya 1950 kwamba msuli wa mwilini unavuta kano iliyopenya kwenye kibanio, nafasi ya ndani inapanuka, kijani cha shavu kinafyonzwa humo na taya zinajifunga juu yake. Yaani kufyonza na kubana kwa mvuto mmoja.

Mkondo wa maji nao umewaumba. Maji ndani ya shavu yanapita upande mmoja tu, kutoka kinywani kwenda nje, na mnyoo anakaa kulingana na mkondo huo. Gastrocotyle, anayeishi kwa samaki wa jamii ya kolekole, amelalia upande wake mmoja maisha yote hadi vibanio vimeota upande mmoja tu wa mwili. Mpaka wapo wa kulia na wa kushoto! Na Diplozoon, aliyeelezwa na Alexander von Nordmann mwaka 1832, ni wawili walioungana mwili wasiachane tena, kila mmoja na jozi zake nne za vibanio. Hata silikanti, yule samaki wa kale wa bahari yenye kina, ambaye wavuvi wa Kilwa walianza kumtoa karibu na Songo Mnara mwaka 2003, ana monojenea wake wa mashavuni.

Turudi bwawani kwako, kwa sababu najua unachongoja ni dawa.

Kabla ya dawa, hakikisha muuaji ndiye huyu. Perege wachache wenye minyoo michache kila shavu ni hali ya kawaida kabisa. Kupumua juu juu kunaweza kuwa ni kukosa oksijeni tu: kama wanaelea alfajiri na jua likipanda wanashuka wote, tatizo ni maji, mboji nyingi au chakula kinachooza chini. Kama wanapumua kwa shida mchana kutwa, mashavu yamefunuka, yana ute na madoa yaliyopauka, na kwenye kila tao la shavu unahesabu makumi ya minyoo hai, hapo sawa, tumshughulikie mnyoo.

Dawa inayoigusa misuli moja kwa moja ni prazikwanteli, ileile wanayopewa wanafunzi kwenye kingatiba ya kichocho. Inafungua njia za kalsiamu kwenye mwili wa mnyoo bapa, kalsiamu inafurika, misuli yote inajikaza kwa pamoja bila kuachia. Mwaka 2019 watafiti walitambua mlango wenyewe kwenye mnyoo wa kichocho ambao dawa hii inaufungua. Mnyoo aliyekakamaa namna hiyo hali, hatembei, hatagi. Baadhi watabaki wakining'inia kwa kulabu kwa muda kabla ya kusombwa na maji. Ukipima siku hiyohiyo ukaona bado wapo, usiongeze kipimo. Angalia kama wanajongea.

Ila mayai hayana misuli inayofanya kazi, na ganda lake linazuia dawa nyingi. Kwa Cichlidogyrus, tiba moja inaua wakubwa tu, na kwa joto la maji ya Lindi mayai yanaangua ndani ya siku chache. Kwa hiyo tiba hurudiwa, lava wakishatoka na kabla hawajakomaa kutaga. Kwa Gyrodactylus, asiye na mayai, mara moja ikifanywa vizuri inaweza kutosha. Hii ndiyo sababu nataka ujue ni yupi uliye naye kabla hujatoa hela. Uliza kampasi ya FETA, chuo cha uvuvi, pale Mikindani au afisa uvuvi wa halmashauri kama wanaweza kukusaidia kutambua. Kipimo cha dawa na siku za kusubiri kabla ya kuuza samaki akupangie daktari wa mifugo anayejua samaki. Vidonge vya shuleni usivikusanye kuvisaga bwawani. Fomalini nayo watu wanaitaja sana, lakini inapunguza oksijeni majini, na kwa perege ambao tayari mashavu yamechoka inaweza kumaliza waliobaki.

Kwa mabwawa mawili kama yako, mimi ningeanza na bwawa lililoathirika zaidi: punguza samaki, badilisha maji, ondoa matope ya chini. Ukivuna wote, likaushe juani mpaka udongo upasuke, utie chokaa. Mayai hayavumilii ukavu. Juya na ndoo unazohamisha kutoka bwawa hili kwenda lile zianikwe zikauke kabisa kila baada ya matumizi, maana yai lina mkia mwembamba unaoweza kunasa kwenye nyuzi. Na vifaranga wapya, hata wakitoka kwa mtu unayemwamini, waweke kwenye tangi la pembeni kwanza, umkate mmoja au wawili mashavu, uangalie kwa hadubini ya mwalimu wako kwenye maji ya kawaida, siyo spiriti.